Kimbunga Kutofika Malindi Sio Kwamba Tuliwadanganya

Tangu kusi ianze tumetoa matangazo ya upepo mkali, na kila likitoka moja naletewa maneno yale yale, sokoni, msikitini, hata kwa simu usiku: nyinyi watu wa hali ya hewa mlitutisha na kimbunga Hidaya na hakikuja kitu. Nimesikia kuna manahodha wameacha kabisa kusoma matangazo kwa sababu hiyo, na hilo ndo linaninyima usingizi, kwa hivyo leo nieleze kirefu.

Hidaya ilikuja. Mei 4, 2024 iliingia nchi kavu karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, zaidi ya kilomita 400 kusini mwa Malindi, alafu ikaishiwa nguvu. Waulizeni watu wa Mafia kama hakikuja kitu.

Kimbunga kinataka maji ya moto na kinataka mzunguko wa dunia ukisokote, na huo mzunguko karibu na ikweta ni hafifu mno, ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo ni nadra kitengenezeke. Malindi tuko nyuzi 3 kusini, Lamu nyuzi 2. Ndo maana Zanzibar ilipigwa 1872 mikarafuu ikalala chini, Lindi ikapigwa 1952, na kule juu Somalia kimbunga Gati kikaingia Novemba 2020, sisi hapa katikati tukabaki kupata pindo tu. Lakini jamani pindo sio mchezo. Mawimbi yanasafiri mbali kuliko kimbunga chenyewe, na yakifika siku za bamvua, bahari inapojaa sana, maji yanapanda mahali ambapo siku za maji mafu, inapojaa kidogo tu, mungetandika mkeka.

Jina la kimbunga hatutoi sisi. Kituo kinachoangalia vimbunga upande wetu wa bahari kiko Réunion, na upepo ukifika kilomita 63 kwa saa ndo jina linatolewa, na Madagaska au Morisi kulingana na kiko longitudo gani. Sisi tunapokea taarifa zao, tunaweka pamoja na picha za setilaiti zinazoingia kila dakika 15 na vipimo vya vituo vyetu, alafu Nairobi wanatoa tangazo la nchi, ofisi ya kaunti inalishusha kwa kiswahili, linaenda kwa machifu, redio na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe.

Sasa tangazo lenyewe, tafadhali lisomeni lote. Lina namba, lina saa ya kuanza na saa ya kuisha, lina maeneo, lina kiwango na lina asilimia. Mtu ananitumia tangazo la wiki iliyopita ananiuliza mbona jua linawaka! Angalia namba na tarehe kwanza. Upepo tukiandika unapita noti 25, kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yanapita mita 2, hiyo ni bahari ya kuzamisha boti ya faiba iliyojaa watu na magunia kutoka Kizingitini kule Lamu, usiniambie wewe umezaliwa baharini. Asilimia 33 hadi 66 maana yake inaweza kuja na inaweza isije, na tumeiandika hivyo makusudi, sio kwamba tunajificha. Ikipita 66 uwezekano ni mkubwa. Na likitoka tangazo jipya lile la zamani limekufa, msilisambaze tena. Likiisha muda pia sio kwamba bahari imetulia dakika hiyo, mawimbi huchelewa kushuka nyuma ya upepo, angalia utabiri wa baharini wa siku hiyo ndo utoke.

Kuna hii nyingine ya watu kuona jua hapa wakadhani mafuriko hayaji. Mvua ya Malindi na maji ya mto Sabaki ni vitu viwili. Sabaki inajaa kwa mvua iliyonyesha huko juu Nairobi na Machakos, Tana inajaa kwa mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, inachukua siku kadhaa kushuka, kwa hivyo hapa kunaweza kuwa kukavu kabisa na barabara ya Garsen kwenda Lamu imekatika. Ukisikia tangazo la mvua kubwa bara na wewe una shamba bondeni au una safari ya basi, hilo tangazo ni lako.

Kuhusu zile sauti za WhatsApp za kwamba sunami inafika saa nane usiku. Hakuna mtu duniani anayejua tetemeko litatokea saa ngapi. Lile la Sumatra la Desemba 26, 2004 wimbi lake lilichukua masaa mengi kufika kwetu, na tangu hapo Bahari Hindi imewekewa mfumo wa tahadhari, kipimo cha maji cha Lamu kiko ndani yake. Anayetunga uongo huo ajue kifungu cha 23 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 kiliandika faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Aliyeforwadi akidhani anasaidia nafahamu nia yake, lakini uliza kwanza.

Na wenye vipima mvua mashuleni, tunasoma saa 3 asubuhi kila siku, hata kama haikunyesha. Andika sifuri, usiache wazi, maana pengo hatujui kama ni ukavu au mtu alisahau.