Je, fiwi huyaibia mahindi maji?

"Fiwi zitakunywa maji ya mahindi yangu." Kauli hii juu ya fiwi, zao la jamii ya kunde linalotambaa, utaisikia sana kwa wakulima wa nyanda kavu za kaskazini mwa Tanzania, na ndiyo maana wengi huacha shamba jeupe baada ya kuvuna.

Ni kweli fiwi hunywa maji, kama mmea wowote. Ila udongo ulio wazi hupoteza maji mengi bila kulisha chochote. Matone ya mvua huvunja mabonge yake, chembe laini huziba vitundu, na juu hubaki ukoko mgumu. Mvua inayofuata haizami. Inateremka bondeni ikiwa nyekundu, imebeba udongo wa juu wenye rutuba. Inaniuma kila ninapoiona.

Siku chache baada ya mvua, nenda shambani saa saba mchana. Funua majani ya fiwi, chomeka kidole: pana ubaridi, pengine na nyungunyungu. Sasa jaribu palipofyekwa. Kidole kinagota.

Mizizi ya fiwi ikioza huacha njia za maji, na bakteria kwenye vinundu vyake hunasa naitrojeni ya hewani, chakula cha mimea.

Hofu ya mkulima ina ukweli kwenye muda. Fiwi zikipandwa siku moja na mahindi, zinaweza kuyaparamia na kuyabana. Subiri mahindi yafikie urefu wa goti. Ukame ukikaza, zikate mapema uzilaze juu ya udongo. Usizichome, wala usiwaachie ng'ombe wamalize zote.