Kijidudu na Vazi Lake: Maswali ya Wanafunzi wa Afya Mombasa

Kila muhula hapa Mombasa huja wanafunzi wapya wa uuguzi na utabibu wakiwa na hofu moja: majina. Stafilokoka, mikobakteria, klostridia. Wanadhani mikrobiolojia ni somo la kukariri. Nimekaa maabara miaka mingi, na ninachowaambia siku ya kwanza ni hiki: kabla ya kuuliza kijidudu kinaitwaje, uliza kimevaa nini. Vazi lake ndilo litakalokwambia kinashika rangi gani, kinauawa na nini, na dawa ipi inaweza kukigusa. Haya hapa ni maswali wanayoniuliza zaidi.

Mwalimu, vijidudu ni vidogo kiasi gani?

Chukua milimita moja uigawe mara elfu. Kila kipande ni maikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Bakteria wa E. koli ana urefu wa maikromita 2 hivi. Virusi vingi havifiki hata 0.3, ndiyo maana hadubini ya kawaida haivioni. Mtu wa kwanza kuwaona bakteria alikuwa Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, katika miaka ya 1670. Alikuwa mwuza vitambaa, hakuwa daktari.

Kwa nini tunasumbuliwa sana na rangi ya Gram?

Kwa sababu ndani ya nusu saa inakupa dokezo la kwanza, ilhali uoteshaji, yaani kumkuza bakteria maabara, utakupa jibu kesho au keshokutwa. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliivumbua Berlin mwaka 1884 akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia.

Fikiria nguo mbili ndani ya beseni moja la rangi ya zambarau. Moja ni turubai nzito. Nyingine ni shashi nyepesi iliyofunikwa juu kwa utando wa mafuta. Ukizitoa na kuzimwagia spiriti, turubai inajikaza na kubaki na rangi yake, ilhali utando wa mafuta unayeyuka na shashi inaachia rangi yote. Ndivyo ilivyo kwa bakteria. Wa Gram chanya wana ukuta mnene, nao hubaki zambarau. Wa Gram hasi wana ukuta mwembamba wenye utando wa mafuta kwa nje. Hupoteza rangi ya kwanza, na tukimalizia na rangi nyingine iitwayo safranini huonekana waridi.

Hatua ni nne: zambarau, ayodini, spiriti, safranini. Wengi huharibu kwenye spiriti. Ukizidisha sekunde chache tu, hata turubai itaachia rangi, nawe utaandika hasi mahali pa chanya. Vilevile mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa huwa na bakteria wenye kuta zilizochakaa, wanaoweza kukudanganya.

Hili si jambo dogo. Ikiletwa sampuli ya maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa, vijiduara viwili viwili vya zambarau vinakuelekeza kwa bakteria aitwaye nyumokoka. Vya waridi vinakuelekeza kwa bakteria mwingine, meningokoka, na hapo waliolala chumba kimoja na mtoto huyo nao wanahitaji dawa ya kinga. Rangi hiyo ndiyo inayoamua nani atafuatwa nyumbani usiku huo.

Penisilini inaua bakteria. Kwa nini isiue mafua au malaria?

Penisilini inazuia bakteria asishone ukuta wake. Akikua bila ukuta madhubuti, maji yanaingia ndani naye anapasuka. Virusi vya mafua havina ukuta wa kushonwa. Kimelea cha malaria hakina ukuta. Hata baadhi ya bakteria, kama mikoplazima, hawana ukuta, na penisilini haiwafanyi kitu. Kwa hiyo anayenunua vidonge vya amoksilini, ndugu wa penisilini, dukani kwa ajili ya mafua anawapiga bakteria wema wa utumbo wake, na watakaosalia ni wale sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo kuhusu usugu huo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Naumia kila ninapoona matokeo ya uoteshaji ambapo dawa tatu nne za bei nafuu zimeandikwa herufi ya usugu, na mgonjwa hana uwezo wa kununua ya tano.

Na kifua kikuu, mbona matibabu yake ni marefu hivyo?

Bakteria wa kifua kikuu amevaa koti la nta. Rangi ya Gram haimwingii vizuri, kwa hiyo tunatumia mbinu ya Ziehl-Neelsen: tunapaka rangi nyekundu, tunapasha moto mpaka mvuke utoke, kisha tunaosha kwa asidi na spiriti. Karibu wengine wote wanaachia nyekundu, yeye haachii. Anaonekana kama vijiti vyekundu juu ya uwanja wa buluu.

Tena ni mzito wa kuzaana. E. koli akipata joto na chakula hugawanyika kila dakika 20. Huyu huchukua saa 15 hadi 20. Ndiyo maana kumwotesha huchukua majuma, na ndiyo maana matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa nyingi humpata anapozaana, naye hujilaza. Mgonjwa akikwambia, "Nimepona, sikohoi tena," mweleze habari ya koti hilo. Wengi huelewa wakielezwa.

Jambo jingine: mleteeni mtu wa maabara makohozi, wanangu, si mate. Mwoneshe mgonjwa namna ya kuvuta pumzi na kukohoa kutoka kifuani, ikiwezekana asubuhi anapoamka.

Sampuli ya mkojo ikichelewa kidogo kuna ubaya?

Upo, na hapa Mombasa upo zaidi kwa ajili ya joto. Wakati fulani nililetewa kichupa cha mkojo wa mama mjamzito kilichokaa juu ya meza ya wodi tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, feni imezimika. Tupige hesabu. Tuseme ulikuwa na bakteria 1,000 tu kwa kila mililita, waliotoka kwenye ngozi. Tuseme wanagawanyika kila nusu saa. Saa nne baadaye wameongezeka maradufu mara nane: ni 256,000. Kipimo kinachotumika sana kuamua kwamba mtu ana maambukizi ya njia ya mkojo ni 100,000. Mama huyo angepewa dawa ya ugonjwa asio nao.

Niliikataa sampuli, na muuguzi alinikasirikia. Nikampigia simu nikamweleza. Mkojo wa katikati, kichupa safi, ufike maabara kabla ya saa mbili kupita. Ikishindikana, friji ya nyuzi 4.

Nyumbani tunatumia maji ya kisima. Kipindupindu kinaingiaje?

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu vingi. Choo cha shimo kikiwa jirani na kisima, maji machafu hupenya upesi bila kuchujwa vya kutosha. Maji kuwa maangavu si ushahidi wa lolote.

Vibrio wa kipindupindu ni Gram hasi, amepinda kama koma. Vazi lake ni dhaifu: maji yakitokota dakika moja amekufa, na klorini inammaliza. Shida ni sumu yake, inayolazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi mpaka mgonjwa anaharisha kitu kama maji ya kuoshea mchele. Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi, ule unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yakafuata nyuma. Ndiyo siri ya maji ya chumvichumvi ya pakiti. Mpe mgonjwa mapema, wala usingoje majibu yangu.

Chikungunya je?

Ni virusi, hubebwa na mbu wa Aedes anayeuma mchana na kuzaana kwenye madumu, ndoo na matairi. Tulipigwa nayo Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Jina ni la Kimakonde, lenye maana ya kujipinda, kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Hakuna antibiotiki hapo. Na kwa kuwa homa ya dengi nayo ipo pwani, mpeni parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, mpaka dengi iondolewe shaka.

Sanitaiza inatosha badala ya kunawa?

Inatosha mara nyingi, si kila mara. Virusi vyenye utando wa mafuta, kama korona na mafua, huvunjwa na spiriti. Spiriti ya asilimia 70 ni bora kuliko ya 95, maana maji ndiyo yanayoisaidia kuharibu protini. Lakini norovirusi haina utando huo, na spora za klostridia, yaani umbo lake la kujilaza lenye ganda gumu, zimevaa deraya. Mgonjwa anaharisha? Sabuni na maji yanayotiririka, ili ziondoke mkononi zikiwa hai. Hata kama ulivaa glavu.

Na vyombo vya upasuaji, tukivichemsha vizuri?

Hapana. Nyuzi 100 haziui spora zote, ikiwemo ya pepopunda. Vinataka otoklevu: mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, dakika 15 kwa uchache, zikihesabiwa tangu joto hilo lilipofikiwa. Ukiona utepe wa pakiti haujageuka rangi, irudishe, hata kama daktari amekwisha kunawa na anakusubiri.