Mama mwenye aleji humpa nini mtoto wake?

Kliniki ya wajawazito humkosi: kakaa kwenye benchi, leso puani, chafya ya tano hiyo. Zamu yake ikifika, swali ni lile lile. "Daktari, na huyu wa tumboni atakuwa na aleji kama mimi?"

Aleji yenyewe humpi. Kingamwili zinazoleta chafya na vipele, IgE, hazivuki kondo la nyuma. Zinazovuka ni IgG, na hizo ndizo ngao yake miezi ya mwanzo. Anachoweza kurithi ni wepesi wa kupata aleji. Baba naye anachangia, ingawa tafiti nyingi zimeuona upande wa mama ukilemea zaidi.

Kwa nini mama? Watafiti wametafuta jibu kwenye chembe nyeupe za damu ya mtoto. Zina vipokezi vya jamii ya Toll (TLR kwa kifupi), aina 10 kwa binadamu, vinavyokitambua kijidudu cha maradhi kwa kupapasa vipande vyake. TLR4, kwa mfano, hunasa mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ganda la baadhi ya bakteria. Tumevijua kupitia inzi wa matunda: mwaka 1996 mtafiti wa kinga Jules Hoffmann na wenzake walionyesha kwamba inzi asiye na kipokezi cha Toll huuawa na kuvu.

Mtoto akizaliwa, watafiti huchukua damu ya kitovu, wakazichokoza chembe zake kwa vipande vya bakteria na kupima zinavyojibu. Za watoto wa mama wenye aleji zimewahi kujibu tofauti na za wenzao, ila si kwa namna moja: kuna tafiti zilizokuta zinajibu kwa unyonge, nyingine kwa ukali kupita kiasi. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha kutabiri aleji ya mtoto kwa vipokezi hivyo, mpite.

Mazingira nayo yamo. Ulaya, watoto ambao mama zao walishinda kwenye mabanda ya mifugo wakiwa wajawazito walikutwa na TLR2 na TLR4 zinazofanya kazi kwa wingi zaidi. (Sisemi mkanywe maziwa mabichi ya mifugo hiyo: brusela, ugonjwa unaoambukizwa kwa maziwa hayo, haina utani.)

Yule mama wa leso alikuwa ameacha mayai, samaki na karanga kwa ushauri wa jirani, na pampu ya pumu kaifungia kabatini asimdhuru mtoto. Vyakula hivyo havijawahi kumdhuru, basi avile. Pampu nayo airudishe mkobani: pumu isiyotulizwa humnyima mtoto hewa tumboni.