Pima kiu ya mmea kabla ya kuning'iniza chupa

Kila Desemba, wakazi wa Dar es Salaam wanapojiandaa kwenda mikoani kwa sikukuu, swali moja hutufikia sisi wa kitengo cha bustani kuliko mengine yote: maua ya ndani yatamwagiliwa na nani? Jibu lipo, na ni rahisi. Ni umwagiliaji wa matone kwa maji ya mserereko: chombo kikae juu, mpira mwembamba ushuke, tone lianguke kwenye udongo. Hakuna pampu, hakuna umeme, wala huna haja ya kusubiri zamu yako ya mgao wa maji.

Hata hivyo, mimea mingi tunayoletewa baada ya safari haikufa kwa kiu. Imekufa kwa maji mengi. Mizizi nayo hupumua. Udongo ukilowa mfululizo hewa hukosa nafasi, mizizi huoza, majani hulegea. Mwenye mmea akirudi na kuona yamelegea, huongeza maji, na hapo ndipo huumaliza kabisa.

Kwa hiyo anza na mizani ya jikoni. Mwagilia chungu mpaka maji yatoke chini, subiri saa moja yachuruzike, kisha pima uzito. Pima tena baada ya siku tatu, saa ileile. Kila gramu iliyopungua ni mililita moja ya maji. Chungu kikipungua gramu 240, mmea wako unatumia mililita 80 kwa siku. Chungu kilicho karibu na dirisha la jua la mchana kitatumia zaidi ya kilicho kwenye korido, hata kama mmea ni wa aina moja, hivyo pima kila kimoja mahali pake.

Sasa geuza kiasi hicho kuwa matone. Kifaa kinachotufaa zaidi ni mpira wa dripu wa duka la dawa, mpya na uliofungwa kwenye pakiti yake. Ule uliokwisha kutumika kwa mgonjwa usiuguse, hata ukipewa bure. Pakiti huandikwa idadi ya matone kwa mililita moja. Mipira mingi ya kawaida ni matone 20. Mililita 80 ni matone 1,600. Siku ina dakika 1,440. Maana yake mmea huu unataka tone moja tu kwa dakika, na kidogo juu yake.

Watu wengi hawaamini. Tone moja kwa sekunde huonekana dogo sana ukilitazama, lakini kwa siku nzima ni zaidi ya lita 4. Ndoo ya lita 20 itaisha kabla siku ya tano haijamalizika, na sehemu kubwa ya maji hayo itakuwa sakafuni.

Kwa sababu hiyo nashauri kila chungu kiwe na chupa yake, si ndoo moja kwa vyungu vyote. Mmea wa mililita 80 kwa siku unahitaji lita 1.12 kwa wiki mbili. Chupa ya lita moja na nusu inatosha. Kigurudumu cha kubania mpira kikilegea ukiwa safarini, madhara hayawezi kuzidi maji yaliyomo kwenye chupa. Toboa mfuniko kwa msumari uliopashwa moto, ingiza ncha ya mpira ibane vizuri, kata kitako cha chupa ili hewa iingie, kisha ining'inize kichwa chini. Minya kichupa cha matone, kile kiangavu kilicho kwenye mpira, kijae nusu tu. Kikijaa chote hutaona tone la kuhesabu.

Urefu nao una kazi yake. Maji yakipungua kwenye chupa, msukumo hupungua na matone hupungua pia. Mdomo wa chupa ukiwa sentimita 30 tu juu ya chungu, kufikia mwisho mtiririko unaweza kushuka hadi karibu nusu. Ukiinuliwa mita moja, hushuka kwa kiasi cha moja ya tano tu. Mita hiyo moja hutoa msukumo wa takriban baa 0.1. Ndiyo maana vidondoshi vya shambani, yaani vifaa vidogo vya kutolea matone, ambavyo vingi hutengenezwa kwa msukumo wa karibu baa 1, hapa havitoi kiasi kilichoandikwa, na vile vinavyojirekebisha vyenyewe vinaweza visifanye kazi kabisa.

Mimea mingine iache bila dripu. Zamioculcas, ambayo wauza maua huiita ZZ, ni ya kwetu Afrika Mashariki na hutunza maji kwenye viazi vyake vya ardhini. Wiki tatu bila maji si tatizo kwake. Saintpaulia, ua dogo la zambarau lililotoka milima ya Usambara na kupewa jina hilo mwaka 1893, linakubali dripu, ila elekeza tone kwenye udongo pembeni ya chungu. Maji yakituama katikati ya majani, shina huoza.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mbu. Aedes, anayeeneza dengue, huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama majumbani, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Funga sehemu ya chupa uliyokata kwa kipande cha chandarua na kamba. Visahani vya chini ya vyungu visuguliwe kwa brashi, kwa kuwa mayai ya mbu huyu hung'ang'ania kwenye kuta za chombo na huishi miezi mingi yakiwa makavu. Kisha vijaze mchanga.

Funika chupa kwa kitambaa cheusi ili ukungu wa kijani usiote ndani. Maji ya kisima yachuje kwanza, na yakiwa ya chumvi tumia ya mvua. Mbolea usichanganye humo kamwe, huziba mpira. Washa mfumo siku tatu kabla ya kusafiri, uhesabu matone asubuhi na jioni, na upime chungu tena: uzito ukiwa umepanda, bana zaidi.