Mchezaji wa akiba naye yuko chini ya sheria

Malalamiko dhidi ya waamuzi kuhusu mabadiliko ya wachezaji yamezidi, na mengi hayahusu kosa la mwamuzi. IFAB, bodi inayotunga sheria za mpira wa miguu, iliruhusu wachezaji watano wa akiba kwa muda mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu. Watu wameishika ile tano tu. Katika mashindano ya ngazi ya juu, timu ina nafasi tatu za kusimamisha mchezo ili kuwaingiza hao watano, mapumziko hayahesabiwi. Kocha aliyezitumia zote tatu kwa mchezaji mmoja mmoja asimzonge mwamuzi wa akiba dakika ya themanini.

Ubao wa namba ukinyanyuliwa, jukwaa zima huamini mabadiliko yamefanyika. Hayajafanyika! Kwanza mwamuzi ajulishwe na mpira uwe umesimama. Anayetoka hupitia mstari wa mpaka ulio karibu naye, isipokuwa mwamuzi amwelekeze kwingine. Anayeingia husubiri kwenye mstari wa katikati hadi mwenzake awe nje na ishara itolewe. Mabadiliko hukamilika anapokanyaga ndani ya uwanja. Na anayetakiwa kutoka akigoma? Mchezo unaendelea naye. Mwamuzi hana kazi ya kumbembeleza. Hayo ni ya kocha na mchezaji wake.

Mchezaji wa akiba akiingia bila ruhusa, adhabu ni kadi ya njano, na akiuingilia mchezo timu pinzani hupewa mpira wa adhabu wa moja kwa moja, au penalti ikiwa ni ndani ya eneo lake la hatari.

Tunaelewa joto la mechi, lakini benchi si maficho. Kadi ya njano aliyopewa mchezaji akiwa amekaa huingia naye uwanjani. Akipata ya pili, anatoka kwa nyekundu. Akipewa nyekundu akiwa bado benchini, timu haipungui uwanjani, ila imempoteza mtu wa kuingiza. Kila wiki tunalieleza hili.

Mchezaji wa ndani pia anaweza kubadilishana nafasi na kipa bila kuhesabiwa kama mabadiliko, mradi mwamuzi ajulishwe kwanza na mpira uwe umesimama. Wakibadilishana glavu kimyakimya, mchezo hausimamishwi, ila mpira ukishatoka wote wawili wanapewa njano.