Tisa yenye sifuri tisa

Nilipokuwa Kidato cha Sita hapa Pemba, niliazima kitabu cha zamani cha umeme, jalada limeliwa na mchwa, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Humo kanuni ya Coulomb, ile ya kutafuta kani baina ya chaji mbili za umeme, ilikuwa fupi kuliko ile ya darasani: zidisha chaji mbili, gawa kwa umbali mara umbali, basi. Ile bilioni tisa tuliyohifadhishwa kama sura za juzuu amma haikuwemo. Nikafurahi, nikaitumia kwenye jaribio. Jibu langu likatoka dogo mara bilioni tisa kuliko la wenzangu, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii umeitoa wapi?"

Kitabu hakikukosea. Mimi ndiye niliyechanganya mifumo miwili ya vizio, yaani vipimo vya kuhesabia. Sasa nafundisha fizikia mwenyewe, na kila mwaka napata wanafunzi wanaodhani kuhama mfumo ni kubadilisha majina tu, kama kutoka frasila kwenda kilo. Mara nyingi ni hivyo kweli. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 15.9, unazidisha, umemaliza. Saa nazo ni nyepesi, ingawa ni za aina nyengine: tiketi ya boti imeandikwa 7:00, bibi anasema saa moja, na wote wawili wanaiwahi boti ile ile. Urefu wa saa ni mmoja, sifuri ndiyo iliyohama. Selsiasi na kelvini vivyo hivyo: hatua ni sawa, sifuri zimeachana kwa 273.15. (Pishi usiitie humu. Pishi, yaani vibaba vinne, hupima ujazo. Pishi ya karafuu mbichi na pishi ya mchele hazilingani mizanini, na wachumaji wanalijua hilo bila ya kufundishwa na mimi.)

Kilichoniponza ni kuhama kwa aina ya tatu, pale kanuni yenyewe inapobadilika sura.

Tutengeneze mfumo wetu. Tungamo kwa frasila, urefu kwa dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, tuifunge kwenye inchi 18, na muda kwa sekunde. Kani je? Tunaweza kusema kizio chake ni kile kinachoipa frasila moja mchapuko wa dhiraa moja kwa sekunde, kila sekunde. Hapo kani ni tungamo mara mchapuko, hakuna nambari iliyodandia. Kizio hicho kingekuwa kama nyutoni 7.3. Lakini mchukuzi wa bandarini angechagua vyengine: kizio cha kani kiwe uzito wa frasila moja, ule anaousikia begani. Ni halali pia. Ila sasa kila ukizidisha tungamo na mchapuko itabidi ugawe kwa 21.4, kwa sababu kitu kinachoanguka huongeza mwendo wake kwa dhiraa 21.4 kwa sekunde, kila sekunde. Ulimwengu ni ule ule. Hiyo 21.4 umeikaribisha wewe.

Basi umeme ni vivyo hivyo. Kitabu changu kilifuata sentimita, gramu na sekunde, mfumo uliopendekezwa na kamati ya wanasayansi wa Uingereza mwaka 1873. Humo chaji haina kizio cha kujitegemea, inazaliwa na kani: chaji mbili sawa zikiwa sentimita moja mbali, zikisukumana kwa daini moja (kizio cha kani cha mfumo huo), kila moja ni kizio kimoja. Kanuni inatoka safi kwa sababu kizio kimekatwa kwa kipimo chake, kama kanzu ya fundi. Mwaka 1901 mhandisi wa Italia, Giovanni Giorgi, alipendekeza mita, kilogramu na sekunde ziongezewe kizio cha nne, cha umeme. Kikaja kuwa ampea, kizio cha mkondo wa umeme, na mfumo wa kimataifa wa vizio, SI, uliopitishwa 1960 umejengwa juu ya wazo hilo. Volti na wati za mafundi zikaingia bila ya kusumbua, lakini kizio cha chaji kikawa kimeshaamuliwa kwengine, na Coulomb akabebeshwa nambari.

Swali lile la jaribio nililirudia usiku, kwa kandili. Chaji mbili za mikrokulombu moja (sehemu ya milioni ya kulombu, kizio cha chaji cha SI), umbali sentimita 10. Kwa SI: 9×10⁹ × 10⁻¹² ÷ 0.01, nyutoni 0.9. Kwa kitabu cha mchwa: mikrokulombu moja ni vizio 3,000 hivi, kwa hivyo 3,000 × 3,000 ÷ 100, daini 90,000. Daini 100,000 ni nyutoni moja. Sifuri nukta tisa! Nilicheka peke yangu hadi mama akaniuliza kulikoni.

Kwa nini tisa lakini, si saba? Ampea ya 1948 ilifafanuliwa kwa kani baina ya nyaya mbili zenye mkondo, yaani kwa sumaku. Kutoka sumaku kwenda umeme unapita kwenye kasi ya mwanga, na nambari ya Coulomb ikawa kasi hiyo mara yenyewe, mara 10⁻⁷. Mwanga huenda karibu mita 3×10⁸ kwa sekunde. Tatu mara tatu ni tisa. Ulingano huo ulikuwa kamili mpaka tarehe 20 Mei 2019, ampea ilipohamishiwa kwenye chaji ya elektroni, 1.602176634×10⁻¹⁹ kulombu bila ya kupungua wala kuzidi. Tangu siku hiyo ile tisa, ambayo kwa kweli ni 8.987 na mkia mrefu, hupimwa maabara.