Bahari haili plastiki

Kila nikishuka kwenye mwalo wa Deep Sea hapa Tanga kuzungumza na wavuvi habari ya taka, hakosi mmoja wa kuniambia: "Afisa, usijisumbue. Plastiki ikipigwa na jua na chumvi inaoza yenyewe." Nimechoka kulijibu hilo mtu mmoja mmoja.

Haiozi. Kitu huoza kikiliwa na vijidudu, na plastiki hizi za kawaida vijidudu karibu haviziwezi. Kinachotokea ufukweni ni jua kuidhoofisha hadi ivunjike kirahisi. Okota ndoo kuukuu iliyopauka, ibane kwa kidole gumba: inavunjika kama kopa la muhogo. Hapo mtu hudhani imekwisha, kumbe imegeuka vipande, baadaye chembe, na hizo chembe humezwa na samaki na chaza. Chupa nzima naweza kuiokota. Chembe niziokote na chekeche gani? Ndiyo maana nawasumbua iokotwe ingali chupa.

"Mbona basi hatuioni, si maji yameshaichukua?" Ikate chupa tupu ya maji ya kunywa, tia kipande chake pamoja na kizibo kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kizibo kitaelea, kipande cha chupa kitazama. Chupa iliyofungwa huelea kwa hewa iliyomo tu. Ikijaa maji inakwenda chini, huko usikoangalia. Na zile zinazoelea, nyingi hurudishwa na bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, na kunasa kwenye mikoko. Mfuko ukizonga mizizi ya kupumulia, mkoko unakabwa, na watu wanalaumu wakata kuni peke yao.

Wengine hunikumbusha kwamba plastiki ilishapigwa marufuku. Iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea. Chupa za maji hazikuguswa, na ndizo zinazojaa humu ufukweni.

Kuchoma nako si dawa. Moto wa jalalani hauna joto la kutosha, moshi wake ni sumu, na vipande vya mabomba ya PVC ndivyo vibaya zaidi. Tena mnachomea upande wa upepo unaoelekea kwenye vichanja vya dagaa!

Kila chombo cha uvuvi kiwe na kiroba cha taka, kifungwe kwenye taruma, yaani ubavu wa chombo, kisipeperuke. Wavu uliochanika nao urudi pwani, kwa sababu ukitupwa huko unaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala.